Kiganja cha Juu

Kando ya mlango wa nyumba yetu kule Dranya, nje ya mji wa Koboko, palikuwa na sehemu moja ambayo mama hakuikandika. Ilikuwa pana kama sahani, juu kidogo ya kichwa chake, na fito zilionekana wazi. Wageni walidhani ni uvivu. Mama alikuwa na kasoro zake, tena nyingi, lakini uvivu haukuwamo, na mtu aliyetaja uvivu mbele yake aliondoka bila kupewa chai.

Kwao mama, nyumba ikishakandikwa upya wakati wa kiangazi, kila mtu wa nyumba huchukua donge la udongo mbichi, akalibandika kando ya mlango na kuligandamiza kwa kiganja chake. Viganja hupangwa kwa kimo: mtoto chini, mama katikati, baba juu. Hakuna anayembandikia mwenzake. Aliye safarini huachiwa nafasi yake wazi, hata kama mvua inaingia ndani, mpaka arudi aweke mkono mwenyewe. Akifa, mahali pake hufungwa siku ya karama, ile sadaka ya kumsomea marehemu dua na kulisha watu. Siku hiyo udongo husawazishwa laini, bila alama ya kiganja. Kwa hiyo mtu wa kwao mama akipita mbele ya nyumba yako anajua nani yupo, nani yuko njiani na nani amekufa, hata kabla hujamkaribisha.

Baba alikuwa askari. Nilikulia kambini, ndiyo maana nyumbani tulizungumza Kiswahili cha askari, hata tulipokuwa wawili tu, mimi na mama. Mwaka wa sabini na tisa, serikali ya askari ilipoanguka, baba alitokea Dranya kwa miguu, amevaa shati la kiraia lililombana mabegani. Mama alikuwa anakandika nyumba, udongo umemfika kwenye viwiko. Baba alikunywa maji akiwa amesimama. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na nilitaka aniulize habari za shule, lakini hakuniuliza.

“Nakwenda Arua mara moja,” alimwambia mama. “Wacha udongo yangu hapo. Nikirudi nitaweka mukono.”

Hakurudi. Siku chache baadaye bunduki zilisikika upande wa barabara kuu, nasi tukavuka kwenda Zaire na mikeka kichwani. Kule mama alijenga kibanda, akakikandika, akaacha nafasi ya baba. Tuliporudi Dranya katikati ya miaka ya themanini tulikuta nyumba imebaki kuta mbili. Akajenga tena, akaacha tena. Kila mvua kubwa ilipokuja upepo ulipenya pale juu ukatumwagia maji kwenye mikeka, na mama akahamisha mikeka bila kulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika.

Habari za baba zilikuja za kila namna. Mmoja alimwona katika mji wa Kaya, ng'ambo ya mpaka, akiuza sigara. Mwingine alisema amezikwa njiani kwenda Yei. Wa tatu alisema alichukuliwa kwa ndege pamoja na wakimbizi waliopelekwa Ulaya, na kwamba sasa anakula mkate asubuhi na jioni. Mama aliichagua hiyo ya ndege, akaishika.

Mimi nilipata kazi ya ualimu wa shule ya msingi, nikapanga chumba mtaa wa Awindiri, mjini Arua. Jioni nilichora kwenye mbao kwa udongo, kama mama alivyochora kutani: mweusi wa bondeni, mwekundu wa kichuguu, mweupe wa kijito kinachopita chini ya shamba letu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mgeni mmoja aliyefikia misheni kule Ombaci aliziona mbao hizo. Miezi ikapita. Kisha ikaja fomu. Ilihusu programu ya kubadilishana wasanii chipukizi: watu wanane kutoka nchi nane, wakae nyumba moja kando ya ziwa huko Ulaya kwa miezi mitatu, kila mmoja atengeneze kazi moja. Palipoandikwa “mwalimu wako wa sanaa” niliandika “mama”. Nilidhani watanikatalia kwa hilo. Wakanikubali kwa hilo hilo.

Nilipokwenda kuaga, mama alikuwa ameniandalia mizigo miwili. Wa kwanza ulikuwa udongo, aina zote tatu, umefungwa kwenye nailoni. Wa pili ulikuwa kitenge, na ndani yake kibao cha udongo uliokauka chenye alama ya kiganja chake.

“Kama utajenga nyumba huko, mimi itakuwa ndani,” alisema. “Baba yako, mimi hapana weza kuweka mukono yake. Wacha tu nafasi.”

Kisha akanishika mkono. “Ukifika huko, angalia watu uso. Angalia muzuri.”

Nilicheka. Nilimwambia Ulaya si soko la Koboko, huwezi kusimama mahali pamoja ukawaona wote. Naye akacheka kidogo ili kuniridhisha. Ningelijua, nisingelicheka.

Uwanja wa ndege waliufungua udongo wangu, wakaunusa, wakaita mbwa naye akaunusa. Kibao cha mama waliniuliza ni mkono wa nani na kama yuko hai. Nikawaambia yuko hai, tena yuko mkali, mkikivunja mtaniona.

Nyumba ya wasanii ilikuwa kubwa, na baridi ya huko ilikuwa na adabu mbaya, inaingia bila hodi. Wenzangu walikuwa watu wema. Nilipoomba kinyesi cha ng'ombe cha kuchanganya na udongo walidhani sikuijua lugha, mpaka nikaenda mwenyewe kwa mfugaji wa jirani na kurudi na ndoo mbili. Waliziba pua, lakini baada ya wiki moja walikuwa wanakanyaga udongo pamoja nami, suruali zimekunjwa hadi magotini, wanaimba nyimbo za kwao. Nilifurahi kule. Ni vigumu kwangu kulisema, lakini nilifurahi.

Kazi yangu ilikuwa ukuta: upande wa mbele wa nyumba yetu, mlango ukiwa katikati. Nilisuka fito, nikakandika, nikachora. Kando ya mlango niligandamiza kiganja changu, juu yake nikabandika kibao cha mama, na juu zaidi nikaacha wazi.

Siku moja kabla ya wageni kuja kutazama, msimamizi wa programu, mwanamke mmoja mpole mwenye miwani, alisimama mbele ya ukuta akainamisha kichwa.

“Hapo juu je?” aliuliza. “Watu watadhani kazi haijaisha, udongo ulikuishia.”

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sentensi tatu tu zingetosha. Lakini wiki ya kwanza kabisa, mezani, mtu aliposikia natoka Koboko alinyanyua macho haraka, akaniuliza kama si ndiko alikotoka yule mtawala wa kijeshi aliyepinduliwa, na baba yangu alifanya kazi gani. Nilijibu kwamba baba ni mkulima. Mkulima! Mtu aliyeshindwa hata kufunga mbuzi. Nilimkana baba kwa ajili ya sahani ya viazi, na baada ya hapo sikuwa na njia ya kumrudisha bila kuonekana mwongo.

Mchongaji mmoja, mwanamume mrefu mwenye mikono mipana, akaona nimenyamaza akadhani nasubiri kuombwa. “Niruhusu mimi niweke mkono wangu,” alisema. “Iwe alama ya kubadilishana. Wewe umetupa ukuta, sisi tukupe mkono.”

Wote wakapiga makofi. Msimamizi akatabasamu. Nami nikasema, “Sawa.”

Akachukua donge, akalibandika pale juu bila hata kusimama kwa vidole vya miguu, akagandamiza. Alikuwa na kimo cha baba. Niliona hilo, kisha nikajiambia ni ukuta wa maonyesho tu na ukibomolewa hakuna atakayejua.

Wageni walikuja, wakasifu, picha ikapigwa. Ilikuwa picha nzuri: mlango, michoro, na viganja vitatu vimepangwa kimoja juu ya kingine. Kwa kujivuna nikaiweka kwenye bahasha na mistari minne kwamba niko salama na tarehe nitakayofika, nikaituma kwa anwani ya shule yangu. Mwalimu mwenzangu akaipeleka mpaka Dranya kwa baiskeli. Alimsomea mama ile mistari minne. Baadaye aliniambia kwamba mama hakuisikiliza. Alikuwa ameishika picha kwa mikono miwili, akamwomba arudi tena kesho yake, kwa sababu siku hiyo hakuwa na nafasi.

Nilifika Koboko juu ya lori lililotoka Arua, nikatembea mpaka Dranya na begi begani. Karibu na kwetu nilikuta njia imefyekwa upana wa watu wawili. Uani pamefagiliwa. Mbuzi mkubwa mweupe amefungwa kando ya jiko. Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwa amevaa kanzu na kofia siku ya kazi, na majirani wamekaa kwenye mikeka. Wanawake waliponiona walipiga vigelegele. Mimi, mjinga, nikadhani ni kwa ajili yangu. Nilifikiri, kumbe sanaa inaheshimika hivi!

Mama alitoka mlangoni akikimbia. Nilifungua mikono. Akanipita.

Alisimama nyuma yangu, akaitazama njia.

“Iko wapi?” aliuliza. “Iko nyuma? Amechoka kutembea?”

“Nani, mama?”

Aligeuka. Kwenye mkunjo wa leso alikuwa na ile picha, imeanza kuchakaa pembeni. Akaweka kidole kwenye kiganja cha juu. “Hii mukono ya mwanaume. Mimi hapana kipofu. Wewe umepata baba yako.”

Nilimwambia palepale uani, mbele ya watu wote, kwa sababu sikuwa na akili ya kumwita ndani. Nilimwambia ni mkono wa mchongaji.

“Muchongaji gani?”

“Mutu mwingine tu, mama. Mutu wa huko.”

“Na wewe uliacha mutu wa huko naweka mukono ndani ya nafasi ya baba yako?”

“Walisema kazi haijaisha.”

“Ni kweli,” alisema mama. “Haijaisha.”

Majirani waliondoka mmoja mmoja, kwa upole, bila kuaga. Kando ya mlango niliona beseni limefunikwa gunia lililolowa. Ndani mlikuwa na udongo uliokandwa vizuri. Mke wa baba mdogo alininong'oneza kwamba mama alikuwa akiumwagilia maji asubuhi na jioni tangu picha ilipofika, usikauke kabla mwenyewe hajafika.

Siku hiyo hakuumwagilia. Wala kesho yake. Mimi ndiye niliyelichukua kopo la maji siku ya tatu, na mama akaninyang'anya mkononi. Nilitaka anitukane. Alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka shimoni, lakini safari hii alinipikia, akaniwekea maji ya kuoga, akaniuliza kama kule kulikuwa na baridi. Nililia jikoni, nikasingizia moshi.

Wiki ya pili alimwita baba mdogo akamwambia atangaze karama.

“Ya nani?” aliuliza baba mdogo.

“Ya mume yangu.”

Baba mdogo alikasirika. Alisema hakuna aliyeona maiti wala kaburi, na kwamba mtu hawezi kumzika ndugu yake kwa sababu ya picha ya Wazungu. Mama alimsubiri amalize.

“Kungoja ya kwanza mimi niliweza,” alisema. “Nilikuwa na nguvu. Lakini ile wiki tatu toka picha ilifika mimi nilisikia miguu yake kila siku hapa njiani. Nilimuona. Sasa kuanza tena kungoja, hii ya pili, mimi hapana weza.”

Yule mbuzi wa kumpokea ndiye aliyechinjwa. Watu walewale walikuja, wakakaa kwenye mikeka ileile. Shehe alifika mapema, mzee makini, akataka kupanga mambo kabla ya kusoma, kwa kuwa mama angeingia eda siku hiyo na eda haianzi kwa kukisia.

“Nani alileta habari ya kifo?” aliuliza.

Baba mdogo alitazama chini. Mama alikuwa amekaa mlangoni, beseni liko mbele yake. Asubuhi hiyo alikuwa ameuvunja udongo mkavu kwa jiwe na kuumwagia maji, akaukanda upya, na mikono yake ilikuwa bado imelowa. Hakuwa ameniomba chochote. Alinyoosha kidole akanionyesha.

Watu wote wakanigeukia.

“Ni wewe?” shehe aliuliza.

“Ni mimi,” nilisema.

“Alifia wapi?”

“Huko nilikokwenda,” nilisema. “Kando ya ziwa.”

Shehe akasema sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Mama aliinuka, akachota udongo, akanyoosha mikono juu ya kichwa chake na kuanza kufunga. Hakufika vizuri. Nikaenda nikamletea kigoda, nikakishikilia, naye akapanda na kusawazisha kwa mkono bapa mpaka fito zote zikafunikwa. Udongo ulikuwa unamdondokea usoni na alikuwa analia kwa sauti. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona mama akilia.