Mlio Mmoja wa Bi Muhsina

Bi Muhsina wa Al Khoudh, Maskati, ana vitu viwili ambavyo nyumba nzima inajua havigusiki: kiti chake cha ukumbini, na simu ya mezani iliyo ubavuni pake. Kiti kimeshachukua umbo lake, mtu mwengine akikaa anahisi kama kampakata Bibi. Simu ilinunuliwa nyeupe, sasa ni rangi ya chai ya maziwa. Imevishwa kitambaa cha kufuma kama bi harusi, na haijavuliwa tangu Nawar, mjukuu wake wa kike, yuko darasa la pili. Nawar sasa yuko chuo kikuu.

Mambo yalianza kuharibika baba na mama walipokwenda Umra wakamwachia bili za nyumba Wael, kaka yake Nawar. Wael ana miaka ishirini na nne na kazi ya mwaka mmoja, na tangu akabidhiwe zile bili anatembea mikono nyuma. Anazima taa watu wakiwa bado chumbani. Kwenye grupu la ukoo Nawar akambandika jina, Mheshimiwa Waziri, na kila Wael akiandika neno, binamu zake wanamrushia stika za watu wanaopiga saluti.

Ndipo ukaja ujumbe wa kampuni ya simu. Nyaya za zamani zinaondolewa mtaa mzima, kila nyumba inahamia kwenye faiba, na simu ya mezani kuanzia sasa itapita kwenye intaneti. Mteja achague: kifurushi chenye namba ya nyumbani, au kifurushi bila namba, ambacho ni rahisi zaidi kila mwezi. Ukiiacha namba, imekwenda, hairudi. Jawabu linatakiwa kabla ya Jumapili.

Wael aliposoma hapo kwenye "rahisi zaidi" macho yalimng'aa kama mtu kaona mwezi wa Idi. Akenda ukumbini, akakaa chini kwenye zulia, laptopu mapajani, akaanza kusema kwa adabu ya kijana aliyekuja kuposa.

"Bibi, hii simu haitumiki. Nimetazama bili za mwaka mzima. Haikutoka simu hata moja, wala haikupokewa hata moja."

"Kwani lazima ipokewe?"

"Sasa tunalipia nini, Bibi?"

"Tunalipia iwepo," akasema Bi Muhsina, huku akiweka sawa kile kitambaa. "Weye unalipia jim, na kitambi chako nnakiona. Nani kakuuliza?"

Nawar alikuwa mlangoni. Katika nusu dakika maneno yale yalikuwa kwenye grupu, na Waziri akashambuliwa kutoka Unguja mpaka Dubai. Lakini Wael hakurudi nyuma. Akasema atawaambia kampuni waje wafunge mitambo Alkhamisi, namba iwepo kwa muda, na kama mpaka Jumapili Bibi hajamuonesha sababu moja ya maana, khalas, inakatwa.

Na sababu ipo. Tatizo ni kwamba Bi Muhsina hawezi kuitaja bila ya kuvunjika heshima yake yote.

Kwa sababu katika ukoo huu hakuna mtu anayechukia kubipu kama Bi Muhsina. Mpwa wake mmoja aliwahi kumbipu kutoka Unguja, mlio mmoja akakata, apigiwe yeye. Bi Muhsina akamblok miezi minane. Walipokuja kukutana harusini akamwambia mbele ya watu, sahani ya biriani mkononi, kwamba kubipu ni kubisha hodi kwa mtu ukakimbia. Maneno hayo yamekuwa kama sheria ya nyumba. Watoto wamekua nayo.

Kumbe yeye mwenyewe anabipu kila siku ya Mungu, na anabipiwa, mwaka wa thelathini na ngapi huu.

Mwenzake ni Shariffa. Wamekua mtaa mmoja Unguja, wamekuja Maskati mwaka mmoja, mmoja akaolewa upande huu na mwengine sasa anakaa Al Amerat, kule nyuma ya milima. Zamani marehemu mume wa Bi Muhsina alikuwa akiitia kufuli simu, kikufuli kidogo kwenye tundu la kupigia, isije ikapigwa ovyo. Wale wanawake wawili wakagundua kwamba ukikigonga kile kidude cha kukatia, ukagonga kwa hesabu ya namba, simu inakwenda na kufuli lake. Lakini mazungumzo yangeonekana kwenye bili. Basi wakatunga lugha yao. Mlio mmoja: nimeamka, nna uzima wangu. Miwili: watu wametoka, nyumba yangu mwenyewe. Mitatu: kuna habari, tafuta njia uje. Anayepigiwa hapokei, anajibu kwa mlio mmoja, basi. Bwana hakujua mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu, na mara nyingi alikuwa akisifu jinsi mkewe asivyopenda simu.

Makufuli yamekwisha, mabwana wamekwisha, lugha imebaki. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi Shariffa anapiga mlio mmoja, Bi Muhsina anajibu mmoja, kila mtu anakwenda kunywa chai yake kwa raha. Simu za mkononi wanazo, ila Shariffa hazitaki kwa kazi hii. Anasema ya mkononi inalia hata ikiwa kwa fundi. Ya mezani ikilia ikajibiwa, ujue mtu yuko nyumbani kwake, kitini pake, na roho yake ndani.

Sasa mwambie Wael hayo. Na Nawar yuko mlangoni na simu yake. Bora kufa.

Alkhamisi fundi akaja, kijana mpole wa Kiomani, akatoboa ukuta, akaweka kiboksi cheupe chenye taa za kijani juu ya meza ya Bibi, akachomeka waya wa simu nyuma yake. Akamueleza kwa Kiarabu, polepole, kwamba simu sasa inaishi ndani ya kiboksi, na kiboksi kinaishi kwa umeme. Bi Muhsina akaitikia naam, naam, akamwekea halwa na kahawa, akamuuliza mama yake anatoka wapi. Fundi alipoondoka, Bibi alikuwa anajua ukoo wa fundi mpaka babu wa tatu. Habari ya umeme ilikuwa imeshapita.

Na Bi Muhsina ana dasturi yake. Halali mpaka aizunguke nyumba akichomoa. Birika, feni, tivii, chaja, chochote chenye mkia. Kwa akili yake umeme ulioachwa kwenye tundu unadondoka kama maji ya bomba. Siku ile ile akakuta kiboksi kinakonyeza konyeza peke yake ukumbini, akakihurumia kwa uchovu, akang'oa waya mkubwa unaolisha meza nzima. Kiboksi kikalala. Simu yake ya mkononi, iliyokwisha chaji na ndiyo kwanza imechomekwa pembeni yake, nayo ikalala.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu akakaa kitini. Simu kimya.

Robo saa ikapita, kimya. Mtu mwengine angeunyanyua mkono wa simu asikilize kama ni mzima. Bi Muhsina hakuunyanyua, kwa sababu jawabu alikuwa nalo tayari: Shariffa kanuna. Jumanne walikuwa pamoja harusini, na Bi Muhsina alisema katlesi za Shariffa siku hizi zina viazi kuliko nyama. Alisema kwa wema. Basi mtu mzima ananuna kwa katlesi, mpaka anamnyima mwenzake mlio. Vizuri. Na yeye hapigi. Akajifunga mtandio, akatoka uani kumwagia asmini zake, kila kopo la maji analimwaga kwa hasira.

Upande wa pili habari ilikuja kujulikana baadaye. Shariffa kule Al Amerat alipiga, hakusikia mlio, alisikia sauti ya mwanamke wa mashine akisema namba haipatikani. Tangu ile simu iwekwe haijawahi kutokupatikana. Akapiga mara nne. Akamuamsha mwanawe, Ghanim, apige ya mkononi ya Bi Muhsina: imezimwa. Ghanim akamwandikia Wael, ujumbe ukabaki na tiki moja, maana nyumba nzima ilikuwa haina wifi na Waziri alikuwa amelala, bando la simu yake amelikata kwa kubana matumizi. Tiki moja ile Shariffa akaitazama, akaanza kulia. Wamo kwenye msiba, akasema, nani atashika simu. Wakati Ghanim anawasha gari yeye keshawapigia wanawake watano, na kila mmoja kapiga kwa watano wake.

Kwa hiyo Bi Muhsina anamwagia asmini, anaona gari la kwanza linasimama getini, la pili, la tatu. Wanashuka wanawake, mabaibui meusi. Hilo si kitu, mabaibui ni meusi siku zote. Lakini wa mbele kabeba kikapu cha juzuu, wa nyuma yake chupa mbili za kahawa, na yupo aliyeshika sufuria kubwa kabisa la kukopeshana msibani, ambalo Bi Muhsina analijua kwa vishikio vyake. Kopo likamuanguka. Kafa mtu, na hawa wamekuja kumwambia. Akawakimbilia huku machozi yanamtoka, akamkumbatia wa kwanza aliyemfikia.

"Nani?" akasema. "Niambieni tu. Nani katutoka?"

Yule mwanamke, Mahbuba, jirani yake Shariffa, alikuwa na yeye analia, akamshika mgongo akamwambia astahamili. Wakalia pamoja vizuri sana, mpaka Mahbuba akafungua macho akaona anayemliwaza ni nani. Akanyamaza katikati ya kwikwi.

Shariffa akatokea nyuma, kashikwa mkono na Ghanim. Akamtazama Bi Muhsina kuanzia mtandio mpaka ndara zilizorowa.

"Weye," akasema.

"Mimi nini?"

"Si umekufa weye."

"Nani kakwambia nimekufa?"

"Simu yako. Nimepiga haikulia. Nimekulilia njia nzima, Muhsina, toka Al Amerat. Nimeshakusamehe na ile katlesi."

Hapo Wael akatokea mlangoni, na shuka lake la kulalia, nywele zimesimama, nyuma yake Nawar. Akatazama sufuria, akatazama juzuu. Akauliza imekuwaje, na Shariffa, ambaye alikuwa na uchungu wa mtu aliyepoteza machozi bure, akamwaga yote pale pale kwenye asmini. Mlio mmoja, miwili, mitatu. Kufuli. Marehemu. Saa kumi na mbili na nusu, kila siku, miaka thelathini na ushei, haijakosa ila leo. Bi Muhsina alimkonyeza mpaka jicho likamuuma, wapi.

Kisha Nawar, kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu aliyepewa zawadi ya maisha yake:

"Bibi. Wewe unabipu?"

Mtoto huyu hakucheka pale pale. Alikaa chini kwenye ngazi kwanza, ndo akacheka vizuri. Mahbuba akamfuata, kisha Ghanim, kisha hata yule aliyeshika sufuria, likawa linatetemeka naye. Mpwa wa Unguja alipata habari kabla ya chai. Alituma voisi ya dakika tatu ambayo dakika mbili ni kuvuta pumzi.

Wael peke yake ndiye hakucheka. Alikwenda ukumbini, akaufuata waya mpaka mwisho, akakuta umelala sakafuni. Akauchomeka. Akasimama anazitazama zile taa za kijani zinaamka moja moja, na akili yake ya bili inafanya kazi taratibu. Simu isiyopokewa haiandikwi. Mwaka mzima kaona karatasi tupu, akadhani hakuna mtu.

"Bibi," akasema aliporudi. "Mbona hukunambia?"

"Nikwambie nini?"

"Kwamba kila siku kuna mtu anakuuliza kama umeamka."

Bi Muhsina akajishughulisha na mtandio wake. Akasema kwani kuna mtu aliyemuuliza. Wael akakubali kwamba hakuna, akambusu kichwani, na namba ikathibitishwa kabla ya sala ya Ijumaa. Matumizi lakini lazima yapunguzwe, Waziri hakulegea hapo, na grupu likapiga kura lipunguzwe nini. Yakakatwa machaneli ya mpira, ambayo nyumbani anayatazama mtu mmoja tu, jina lake nnalihifadhi. Kura kumi na tisa kwa moja.

Wanawake hawakurudi na vitu vyao. Juzuu zimeshafika, kahawa imeshafika, wakakaa wakawasomea khitma marehemu wa nyumba zote mbili, na bwana mwenye kufuli akasomewa kwa nguvu zaidi, kwa kuwa alikuwa na haki yake. Shariffa alileta katlesi. Bi Muhsina akala nne hakusema neno.

Kabla hawajaondoka Wael akawakalisha wote wawili akawaeleza kwamba kifurushi kipya kina jambo zuri: simu ya mezani kwa simu ya mezani ni bure, hata wakizungumza kutwa. Wakamsikiliza kwa heshima. Na juu ya tundu la ukutani Nawar akabandika plasta nene, akaandika kwa kalamu nyekundu: ROHO YA SHARIFFA, USICHOMOE.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu, simu ikalia. Bi Muhsina akaukumbuka ule ubure, akaona haya kumwachia Wael hasara, akaunyanyua mkono wa simu.

"Haloo?"



"Mbona umepokea?" akasema Shariffa.

"Wael kasema bure."

"Bure hivyo hivyo. Umenishtua, nikadhani mwizi. Kata."

Akakata. Akaupanga mkono wa simu, akakiweka sawa kitambaa, akangoja. Ikalia mara moja, ikanyamaza. Naye akabonyeza namba anazozijua kwa vidole kuliko kwa kichwa, akasikiliza mlio mmoja unakwenda mpaka Al Amerat, akakata, akenda kuitia chai yake hiliki.