Chupa za Tuta la Mchicha

Juzi nilipita Raskazone nikaona bustani iliyozungushiwa chupa, nikamkumbuka mama akijenga tuta la mchicha uani kwa babu, mkwewe, kule Ngamiani. Chupa aliziokota nyuma ya baa, akazisugua kwa majivu, lakini harufu kali ilibaki.

Babu alirudi kutoka msikitini, akainua moja, akainusa. Nilidhani ana kiu. Mama aliacha kuchimba.

“Chupa za pombe hizi,” babu alisema taratibu.

“Ndiyo, baba. Zinazuia udongo usichukuliwe na mvua.”

Babu alitazama dirisha la jirani, kisha akachuchumaa, akaikandamiza ile chupa udongoni.

“Basi zifukie vizuri, zisionekane.”

Utoto wangu wote nilidhani babu aliogopa wezi.