Chai ya Saa Nne na Kamera za Mama

Mimi sijui kumnyima mtu kitu usoni. Tabia hiyo nusura imfukuzishe kazi mwenzangu.

Tulikuwa mafundi wawili wa mtandao kwenye jengo moja la maduka Kariakoo, upande wa Msimbazi. Mipangilio ya mtandao haikukaa ndani ya jengo. Ilikaa kwenye wingu, yaani huko kwenye intaneti, na kila mmoja wetu aliingia kwa jina lake, hata kwa simu. Mimi ndiye niliyemshawishi mwenye jengo, mama wa Kichaga asiyependa mchezo na mali yake, akubali mfumo ule. Nilimwambia kwa majivuno kwamba unaandika kila badiliko: nani kagusa nini, saa ngapi.

Basi kamera zikaanza vituko. Kila asubuhi mama akiwa nyumbani anaangalia maduka kwa simu, picha zinaganda mpaka mchana. Mimi nikamtilia shaka mwenzangu. Mtu mkimya, muda wote kainamia kompyuta, hasemi anafanya nini. Nikamwambia mama, tena bila kupepesa macho, kwamba huyo ndiye anayetuchezea.

Jumatatu mama akaja ofisini kwetu, mwenzangu kainamia kompyuta yake kama kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akamnyooshea mwenzangu kidole. "Huyu leo ananirudishia funguo. Ila kwanza nisomee hiyo orodha yako ya mabadiliko, nataka aisikie mwenyewe."

Nikaifungua kwa madaha. Mstari wa kwanza tu, nikausoma mara mbili. Jina langu. Wa pili, langu tena. Saa nne na dakika kumi, kamera zimepunguziwa kasi, duka la vitambaa limeongezewa. Siku nyingine vilevile, saa nne na robo.

Saa nne! Saa hiyo mimi huwa ghorofa ya pili, kwa mzee wa Kihindi anayeuza vitambaa. Hunikaribisha chai ya maziwa yenye tangawizi na kachori mbili, halafu husema, "Fundi, intaneti leo nzito kidogo." Sasa mtu keshakunywesha chai, utamwambia haiwezekani? Natoa simu, nachukua kasi kidogo kwa kamera nampa yeye, palepale mbele ya macho yake, nikijiapiza kuirudisha nikimaliza kikombe. Kikombe kikiisha, nimesahau.

"Endelea," mama akasema.

Nikaendelea. Jina la mwenzangu nalo lilikuwemo, mara moja kila siku, saa saba mchana: kasi ya kamera imerudishwa.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Yeye alikuwa anarekebisha tu."

Nikamweleza yote. Akanitazama kuanzia viatu hadi utosi.

"Kwa kachori?"

"Na chai, mama."

Akamgeukia mwenzangu. "Na wewe! Unafukuzwa kwa kosa la mwenzio, na mdomo umeufunga?"

Mwenzangu akainua uso kutoka kwenye kompyuta. "Mama, kila nikirudisha huwa naandika maelezo pale pembeni. Nilijua anasoma."

Kabla ya siku hiyo sikuwahi kuifungua orodha ile hata mara moja. Nikasogeza kidole pembeni ya jina lake. Maelezo yalikuwepo, ya kila siku. Ya Ijumaa yalisema: "Kaka, umesahau tena. Nimerudisha. Pole na kazi."