Siku Niliyorudi Nimejifunga Tanga

Mpaka leo nikiona turubai limeanikwa uani uso unaniwaka, maana kuna watu Mikindani wananijua kama yule mkwe aliyeshuka kwenye mashua amejifunga tanga, na siwezi kuwabishia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tulitoka Masasi kwenda Mikindani kuwasalimia wakwe. Mimi kwetu Mkunya, juu Newala, bahari nilikuwa naiona kwenye simu tu. Mjomba wa mume wangu, Baba Zuhura, akasema atatutembeza kisiwani kwa mashua yake, basi nikavaa gauni langu jipya la kitenge (ujinga wangu wa kwanza), na hatujafika hata nusu ya njia mwanangu Zuhura, bado ananyonya, akanitapikia kuanzia kifuani mpaka magotini.

Kisiwani wenzangu, yaani mume wangu, mama mkwe na mjomba, wakaenda kutazama magofu. Mimi nikabaki na mtoto, nikafua gauni, nikalitandaza kwenye mchanga mkavu mweupe, mbali kabisa na maji, kama tunavyoanika nyumbani, nikaweka hapo hapo viatu na mkoba wa nguo, kisha nikajifunga kanga nikaingia kichakani kunyonyesha. Zuhura akasinzia, na mimi nikasinzia.

Kuamka, mchanga hakuna! Bahari imekuja mpaka kwenye mizizi ya kichaka, gauni hakuna, mkoba hakuna, kiatu kimoja kinaelea kule. Nikakikimbilia (kiatu kimoja, jamani, cha nini?), wimbi likanipiga, kanga nayo ikaenda. Nikarudi kichakani mbio na chupi tu, mara nasikia sauti ya mama mkwe.

"Mama Zuhura, toka tuondoke!"

"Msije huku, mama!"

"Una nini?"

"Sina nguo!"

Mjomba, Mungu ampe kheri, aligeuza uso, akafungua tanga, akalirusha kichakani. "Jistiri, mwanangu. Tutarudi kwa makasia."

Baba Zuhura alipiga kasia huku anacheka. Nikamuuliza, wewe hukujua maji yatajaa? Akajibu mbele ya mama yake: "Nilipogeuka nyuma nilikuona unaanika. Nikasema mwache, leo mtu wa bara ataijua bahari." Mama mkwe akashika mbavu. Na pwani wauza samaki wakatupokea: "Mjomba, umepakia mzigo gani huo?"

Nilikumbuka Baba Zuhura alipokuja kwetu kuposa, kiangazi kikali, akaingia bafuni na ndoo yetu ya maji ya kupikia, maji niliyoyapandisha kichwani kutoka bondeni, akajimwagia yote huku anaimba. Mama yangu alinitupia jicho tu, nikachukua ndoo nikashuka tena bondeni, mgeni asiaibike. Hajui mpaka leo.

Sasa anasema twende tena kisiwani. Aende na mama yake. Mimi sikanyagi, na kiangazi hiki akija Mkunya nitamwonyesha njia ya bondeni, ndoo abebe mwenyewe.