Dirisha Kipofu la Jumba la Holmwell

Amos Thurlby, mwashi wa kijiji chetu, alikuwa bingwa wa kunung'unika. Nilimchanganyia chokaa miaka kumi na tisa, na yote nilitukanwa. Hakulinung'unikia jambo moja tu: jumba la Holmwell. Wazee wa zamani, alisema, walijua kupima. Mlango katikati, madirisha mawili kila upande, matano juu, sawasawa. Moja la juu lilikuwa kipofu: fremu ya mawe, na ndani yake ukuta uliopakwa rangi nyeusi, ili uso wa nyumba usipungukiwe jicho.

Bibi Pomfret alipolinunua jumba akataka dirisha lile litobolewe. Tukatoboa. Ukutani tukakuta kiatu kimoja cha mtoto, kikavu. Kwetu wajenzi hufukia kiatu namna hiyo ili baya likija likishike hicho, liwaache wenye nyumba.

"Kirudishe, mama," Amos alimwambia.

"Mzee Thurlby, ushirikina huo! Hiki kinakwenda makumbusho."

"Haya. Nyumba yako, kichwa chako."

Wiki hiyohiyo, mchana kweupe, vishindo vikaanza kupanda na kushuka ngazini, na hakuna mtu. Binti mdogo wa Bibi Pomfret akaacha kula. Siku ya tano Bibi akatujia mbio, hana hata kofia.

"Fanyeni mnavyofanya nyie. Mwanangu anakwisha!"

Kile cha zamani kilikuwa kimeshakwenda makumbusho. Lazima kiwe kiatu kilichovaliwa na mtoto, na hakuna mzazi atakayetoa cha mwanawe aliye hai. Amos alikuwa na viatu vya Ivy wake, aliyekufa kwa dondakoo akiwa na miaka sita. Hakuwa na kingine cha kumkumbukia. Alileta cha kushoto, tukakifukia, tukaziba dirisha. Jioni mtoto akala mkate na siagi. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Baada ya mwezi, theluji ikiwa imetanda, Bibi akarudi.

"Vishindo vimerudi, lakini si vile. Hivi vyepesi. Mguu mmoja una kiatu, mwingine pekupeku."

"Wenye kiatu ni upi?"

"Wa kushoto."

Amos akakaa juu ya ndoo ya chokaa. Nilimwonea huruma hadi nikashindwa kumtazama. Kisha akaenda kwake, akarudi na kile cha kulia kifuani, ndani ya koti.

"Mzee, utabaki na nini?" nilimuuliza.

"Zile ngazi ni za mawe," alisema, "na huu ni Januari."