Sahihi ya Mkwe

Fundi wa mabango alikuwa na mkono wa ajabu. Umwonyeshe mwandiko wowote, hata ule wa kuparuza wa daktari, atauiga mpaka mwenyewe aape kuwa ni wake. Mkono huohuo ndio uliomfedhehesha.

Mwaka uliopita alitolewa tezi dume iliyokuwa na saratani. Mikono iliyomkata ilikuwa ya roboti, daktari kakaa pembeni akiiongoza.

"Nimepasuliwa na mashine mimi, si mchezo," alimtambia mkewe.

"Basi ikufulie na suruali," mkewe akamjibu, maana tangu siku ile mkojo ulikuwa ukimponyoka kila akikohoa au kuinuka.

Kila miezi mitatu alitakiwa apimwe damu. Kipimo kikipanda, saratani inarudi. Sasa, aliyekuwa akichukua watu damu pale maabara ya kliniki alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake. Siku ya kwanza fundi alipoinuka, kiti kilibaki kimelowa. Mkwe akakipangusa kimya, macho chini. Fundi alikwenda nyumbani kwa miguu, begi la brashi kalishikilia mbele ya suruali.

Hakurudi tena; hata kadi yenye majibu aliletewa na binti yake. Siku ya kupima ilipofika aliaga vizuri, akaenda kujibanza kibandani kwake nyuma ya mabango, akatoa kadi ya kliniki, akaandika tarehe, kipimo kilekile cha mwanzo, na sahihi ya mkwe. Baada ya miezi mitatu akafanya vilevile.

Leo, siku nyingine ya kupima, daktari aliziingiza namba hizo kwenye kompyuta, mke akiwa kando.

"Hii inatukisia uwezekano wa ugonjwa kurudi," alisema. "Wako ni mdogo sana, mzee. Sasa tutakupima mara moja tu kwa mwaka."

Mke akamshika mumewe goti, machozi yanamlengalenga. "Nisamehe, baba watoto. Nilidhani unakwenda zako kupiga soga."

Fundi aliitazama kadi. Mwaka mzima bila kupimwa.

"Daktari, hizo mbili za mwisho nimeandika mimi."

Daktari alicheka, kisha akaacha. Mke akauondoa mkono wake gotini.

"Basi hapa sijui kitu," daktari alisema, akizifuta namba zile. "Nenda maabara. Sasa hivi."

Mkwe aliigeuzageuza kadi. "Sahihi yangu umeipatia kuliko mimi, baba."

Juu ya kiti palikuwa na nailoni, na juu yake taulo lililokunjwa.

"Kila siku yako ya kupima natandika," mkwe alisema taratibu. "Nakusubiri mpaka tunafunga."

Fundi akaketi, akanyoosha mkono. Alipoinuka, taulo lilikuwa limelowa. Alitaka kulikunja haraka, mkwe akamuwahi.

"Acha tu, baba. Majibu Alhamisi. Nitayaandika mwenyewe."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Kumtazama usoni, hakuweza.