Tangi la Dada Mikononi mwa Dobi

Shemeji yangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita Kola kwa sababu huanza kukuangalia kola ya shati kabla ya kukuangalia usoni. Ukimkuta kwenye kibanda chake cha kufulia, katikati ya mapipa ya maji na pasi inayofuka mvuke, usitegemee salamu ya maana mpaka amalize kukukagua. Mimi amenikagua tangu siku alipokuja kumposa dada yangu. Nimeshamzoea, naye ameshauzoea mdomo wangu, ambao anasema ungefaa kutolea madoa sugu.

Dada alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ukungu ulimwingia polepole. Kwanza aliacha kusoma, halafu akaacha kutunga uzi kwenye sindano, mwisho akawa ananisalimia mimi, mdogo wake wa damu, kwa sauti ya mashaka mpaka nimjibu. Kitu pekee nyumbani alichoendelea kukiona ni samaki wake. Aliwafuga sebuleni kwenye tangi la kioo juu ya kabati, samaki wanene wa rangi ya dhahabu wasio na haraka na mtu, na yule mkubwa mwenye mkia mweupe alimwita Bibi Harusi. Kila asubuhi alivuta kiti na kusogeza uso karibu na kioo. "Yule pale," alikuwa akisema. "Bado namwona." Ndivyo alivyojipima macho. Mimi nilikuwa sipendi kabisa kumsikia, maana nilijua siku atakayonyamaza itamaanisha nini.

Daktari akasema watamfanyia upasuaji jicho moja kwanza, likipona ndipo wamfanyie la pili. Hospitali yenyewe ilikuwa mbali, kwa hiyo angekaa kwa binti yake huko huko mpaka yapone yote mawili. Siku ya kuondoka hakumpa mumewe maagizo ya nyumba wala ya jiko. Alimshika mkono tu mlangoni. "Nikirudi, nataka samaki wangu ndio niwaone vizuri, baba. Hata mmoja asipungue."

Kola akaapa.

Sasa mwachie dobi nyumba peke yake, uone. Hazikupita siku nyingi akafungua chujio, kile kisanduku kinachovuta maji ya tangi na kuyarudisha, akakuta ndani yake sponji ya kahawia, yenye utelezi, inanuka tope. Alishtuka mno. Baadaye aliniambia alichowaza pale. "Nilisema, masikini mke wangu, haoni. Uchafu wote huu, haoni." Akaibeba ile sponji hadi kibandani, akaichemsha, akaipiga sabuni, akaisuuza na kuisuuza tena mpaka ikawa kama imetoka dukani. Kokoto za chini ya tangi nazo akazichemsha. Maji akayamwaga yote, akajaza yale yaliyolala kwenye mapipa yake. Kisha akaniita nikashuhudie.

Haki yake nimpe, tangi lilikuwa linang'aa. Maji yalikuwa meupe pe, ungedhani wale samaki wameachwa hewani. Kola alisimama kando yake amekunja mikono kifuani kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha.

Wiki hiyo hiyo akanipigia simu nije haraka. Nilipofika, samaki walikuwa wamejazana juu, midomo nje ya maji, wanahema. Bibi Harusi alikuwa chini, amelala ubavu, mapezi yamemkunjamana.

"Maji ni safi!" Kola aliniambia kabla sijafungua mdomo. "Shemeji, angalia mwenyewe. Safi kuliko ya kunywa!"

Nilifungua droo ya kabati nikatoa vipimo vya dada, vichupa vya matone, bomba dogo la kioo na kadi ya rangi. Macho yalipomlemea, mimi ndiye niliyekuwa namsomea zile rangi, kwa hiyo hili nililijua. Manjano ni salama. Kijani ni amonia, sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki. Nikachota maji, nikadondosha matone, nikatikisa, tukasubiri. Yale maji meupe ya shemeji yakageuka kijani mbele yetu, kijani cha jani la mgomba. Kola alichukua bomba akalishika mbele ya shuka jeupe, kana kwamba mwanga ndio uliokosea. Bado kijani kilekile.

Tukatoka mbio hadi kwa mama mwenye duka la samaki wa mapambo. Alitusikiliza, akauliza jambo moja tu. "Sponji mmeifanya nini?"

"Nimeifua," Kola akasema.

"Umeifua kwa kitu gani?"

"Kwa sabuni. Na maji ya moto."

Yule mama akashika kiuno. "Basi baba, umewachemsha walinzi wako wote. Humo kwenye ule uchafu ndimo wanamoishi vijidudu wanaokula sumu ya samaki. Sponji haifuliwi. Unaikamua kidogo kwenye ndoo ya maji yale yale ya tangi, unairudisha na uchafu wake. Mkeo hakukuambia?"

"Sikumuuliza," Kola alisema, akawa anaangalia viatu vyake. "Nilidhani haoni."

Nilitaka kumpasulia pale pale dukani. Badala yake nikamuuliza mama wa duka tufanye nini.

Mama wa duka akachomoa sponji kwenye tangi lake mwenyewe, nyeusi, inachuruzika, akaitia kwenye mfuko pamoja na maji yake. Akatuagiza tubadilishe theluthi ya maji kila siku kwa maji yaliyolala, tupime kila asubuhi, na chakula iwe chembe tu. "Ukiwaonea huruma ukawalisha," alimwambia Kola, "unawamaliza." Kola aliubeba ule mfuko kwa mikono miwili mtaani kote, yeye ambaye hukwepa dimbwi umbali wa nyumba nzima. Kuipachika sponji kwenye chujio aliipachika mwenyewe, amefumba macho.

Zikaanza siku za roho mkononi. Dada alipiga simu kila jioni. "Wanangu hawajambo?" Kola akajibu, "Wapo," kisha akanisukumia simu mimi, maana kudanganya hajui na kusema kweli alikuwa anaogopa. Asubuhi alipima kabla ya kunywa chai. Kijani. Kijani tena. Halafu kijani kilichopauka, ambacho tulibishana kama kimepauka kweli au ni tamaa yetu. Taa ya tangi hakuizima tena, ili kila akipita awaone. Na kitambaa alikipiga marufuku. Nikithubutu kusogeza mkono kwenye kile kioo, ananidaka. "Usiguse kitu, shemeji. Nimeshasafisha vya kutosha maisha yangu yote."

Asubuhi moja nikamsikia anapiga kelele toka mlangoni mwake. "Manjano! Shemeji, manjano!" Wateja waliokuwa kibandani wakaja mbio wameshika vichwa, kila mmoja akidhani ni shati lake jeupe limeharibika. Mimi nililia, sikuona haya. Bibi Harusi alikuwa ameinuka, anazunguka tangi kwa madaha kama mwenye nyumba. Kipimo cha pili, cha nitriti, sumu inayofuata amonia, nacho kilitulia baadaye, na hakupungua hata mmoja.

Macho yote mawili yalipopona, dada akarudi. Binti yake alimshika mkono mpaka sebuleni, lakini yeye hakutaka hata maji. Alivua miwani yake myeusi, akavuta kiti chake, akasogeza uso kwenye kioo. Tukasubiri.

Akanyamaza.

"Vipi?" Kola akauliza.

"Siwaoni," dada alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Naona kama vivuli. Ni ukungu. Ukungu ule ule, umerudi."

Binti alianza kupekua mkoba kutafuta simu ampigie daktari. Kola alishika ukuta. Dada akageuka taratibu kumtafuta mumewe, akamwangalia kuanzia juu, halafu akakunja uso.

"Hebu sogea," akamwambia. "Hicho kifungo umekishonea uzi mweusi? Kwenye shati jeupe?"

Kola akajitazama kifuani. Kweli, uzi ulikuwa mweusi, tena ncha tu ndiyo iliyokuwa inachungulia. Hata mimi sikuwa nimeuona.

Dada aligeukia tangi. Akakunja mkono wa gauni, akauzamisha ndani, akapitisha kidole kwenye kioo kwa upande wa ndani. Kidole kilitoka na utando wa kijani, ulioota polepole mpaka sisi tukauzoea, na pale kilipopita palibaki mstari angavu, na nyuma ya mstari huo Bibi Harusi amesimama, anamtazama.

"Huu si ukungu," dada alisema. "Huu ni uchafu. Ni mwani unaoota taa ikiwaka usiku na mchana. Dobi mzima, kioo kimekuwa ukoka!"

Kola akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti, akicheka humo humo. Akayatoa yote pale pale, sponji, sabuni, kijani, mfuko wa mama wa duka. Dada alimsikiliza huku mkono bado umo majini, anapanua dirisha lake kidogo kidogo na kuwahesabu kwa macho. Walikuwamo wote.

"Kwa hiyo ulidhani uchafu sikuwa nauona," alisema.

"Nilidhani huuoni, mke wangu."

"Uchafu nilikuwa naujua kwa vidole. Niliyekuwa simwoni ni wewe." Akamtazama kwa muda pale chini alipokaa, na machozi yake na mvi zake na uzi wake mweusi. "Haya, inuka uniletee kitambaa. Kisichonuka sabuni."